Kakae Kwanza kwenye Kiti Chake

Mwanangu, leo nikikukabidhi ofisi hii nakumbuka siku moja ya Agosti. Upepo wa Dodoma ulikuwa umechachamaa, nami nimeshika barua ya onyo, nataka kuitia saini.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mkuu wa kitengo, cheo kimenipanda kichwani. Tulikuwa watu kumi na wanane kwenye ukumbi mmoja usio na kuta, meza zimebanana, na aliyezipanga ni mimi. Vumbi letu unalijua. Lilinikera mpaka nikaagiza madirisha yote yazibwe kwa selotepu, kiyoyozi kitatutosha. Mashine ya fotokopi nikaisukumia kona ya Neema, binti mgeni kutoka Chemba.

Haikupita miezi miwili Neema akaanza. Leo kichwa, kesho macho yanawasha, keshokutwa kifua. Cha ajabu, akitoka nje kunywa chai anachangamka! Nikasema huyu anatuchezea. Alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, kwa hiyo barua ile ingemrudisha kwao.

Mama Chilewa, mfanya usafi wetu, mtu wa Mpwapwa, aliingia kufuta meza akaiona ile barua. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia:

"Mwanangu, hiyo usiitie saini leo. Kesho kakae wewe kwenye kiti cha yule binti, mpaka saa nane."

"Mama, mimi nina kazi nyingi."

"Kazifanyie palepale. Mimi nafuga kuku. Nikiziba banda lote kwa kuogopa baridi, vifaranga vinakohoa. Sijawahi kuvichapa kwa kukohoa."

Loh! Niliona aibu, na hasira pia. Kesho yake nikaenda kukaa kwa ubishi tu. Saa tano macho yakaanza kuwasha. Saa sita kichwa kinagonga, harufu ya mashine imenikaa kooni. Saa saba nikashindwa, nikatoka nje, na huko nje nikapata nafuu. Nilisimama uani nikalia.

Mchana huohuo tulibandua selotepu sote, Neema akiwemo, na mashine ikahamia korido. Vumbi likaingia, tukawa tunalifuta kila asubuhi. Neema akapona, akathibitishwa kazini.

Mama Chilewa hayupo tena duniani, lakini sijaacha kumshukuru. Aliniokoa nisimwonee mtoto wa watu kwa kosa langu mwenyewe.

Basi nisikilize. Mtu wako akisema anaumwa, usikimbilie kalamu. Kakae kwanza kwenye kiti chake, uvute hewa anayovuta yeye. Na yule anayekufutia meza, mwamkie na umsikilize, maana anaiona ofisi yako vizuri kuliko wewe.

Ile barua sikuichana. Imo kwenye droo ya juu, haina saini, nakuachia. Siku ukipandwa na hasira, isome kabla hujaandika ya kwako.

Mungu akupe macho ya Mama Chilewa, mwanangu, na watu wako watoke humu jioni wazima kama walivyoingia.