Mwani Uliochemshwa Musinzira

Miaka ya vita niliishi kwa shangazi yangu Musinzira, mtaa wa Gitega. Shule ilikuwa karibu, na njia ya kwetu Muyinga ilifungwa na kufunguliwa bila taarifa. Nimehama miji mingi tangu hapo, lakini jiko lile nalikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyopanga.

Mwalimu wetu wa biolojia, aliyekulia Tanzania, alitaka tuione DNA, ile inayobeba urithi wa kiumbe, kwa macho yetu. Akachagua mwani unaoliwa. Alisema sura ya mwani hudanganya. Ukitaka kujua aina yake kwa hakika, uliza jeni. Tena alikuwa na haraka: direkta wa shule alishamwambia kwamba maabara isipokuwa na kazi ya kuonekana, Jumamosi inageuzwa bweni la wanafunzi walioshindwa kurudi makwao.

Baba aliuza bidhaa za Tanzania sokoni Muyinga, nikamwomba, akanitumia mfuko wa mwani mkavu kwa lori. Niliporudi kutoka kuchota maji, nikakuta sufuria motoni.

“Shangazi, umeupika wote?”

“Sasa? Mwalimu apelekewe majani makavu, ye ni mbuzi? Zawadi ya mwalimu inafika imeiva. We beba, usimwage.”

Shuleni mwalimu alifunua sufuria, akacheka, akasema tujaribu hivyo hivyo. Tuliuponda, tukatia sabuni ya maji na chumvi, tukachuja kwa kitambaa. Kisha akamimina spiriti ya zahanati polepole pembeni mwa bilauri. Nyuzi nyeupe zikajitokeza, nyingi, nene kama pamba. Darasa likapiga makofi. Direkta alikuwa amesimama mlangoni, akasogea.

“Ndiyo hiyo? Ah, mwalimu, basi chumba iko yako.”

Mwalimu alichukua maji ya mwani yaliyobaki sufuriani, bila sabuni wala chumvi, akayamiminia spiriti. Nyuzi zikatokea zile zile.

“Huu ni ute wa mwani,” akasema. “Moto umeutoa. DNA kama imo, imezama humu. Siwezi kusema nimeiona.”

“Si ungenyamaza tu?” direkta akamwuliza kwa sauti ya chini.

“Na hawa wangeandika nini?”

Jumamosi vitanda viliingia. Mwalimu alishika upande mmoja wa meza, mimi na wenzangu upande wa pili, tukaitoa. Tukiwa uani akaniomba nimwambie baba alete mwani mwingine, usiguswe na moto.

“Tutaufanyia wapi, mwalimu?”

“Kwenu, shangazi yako akikubali.”

Shangazi alikubali, kwa sharti.

“Mwani karibu. Hiyo pombe yenu haipiti mlango wangu.”

“Ni dawa ya vidonda, mama,” mwalimu akamwambia.

“Basi ikae nje na vidonda vyake.”

Kuanzia hapo masomo ya vitendo yalifanyika kwenye baraza yake, na spiriti ilikaa chini kwenye ngazi.