Nyuzi Tatu za Lonzo

Tangu walipomzika kaka yake mwezi wa Februari, Verlene Gilyard alikuwa hajaligusa lile gitaa. Lililala ndani ya kasha lake chini ya kitanda cha marehemu, na kila alipofagia chumba alilizunguka taratibu, kama mtu anayempisha mgonjwa aliyepata usingizi. Asubuhi ile ya Jumanne alilitoa, akaliweka juu ya meza ya jikoni. Wageni walikuwa wanakuja kumwuliza jambo ambalo aliapa hatalisema.

Mji wa Shreveport ulikuwa umeamua kuweka bamba la shaba mahali ulipokuwa ukumbi wa Palmetto. Siku hizi pale ni maegesho ya magari. Zamani hapakupita Jumamosi bila muziki wa bluzi kupigwa pale, na baadaye, vijana walipotaka mwendo wa kasi, ikapigwa roki hadi vioo vya madirisha vikatetemeka. Bamba lingekuwa na majina kumi na moja ya wapigaji wa nyumbani. Kumi yalikuwa yanajulikana. La kumi na moja liliandikwa "Caddo Jim, jina halisi halijulikani."

Verlene alilijua. Caddo Jim alikuwa Lonzo, kaka yake wa tumbo moja.

Lonzo alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha vioo. Jumapili alipiga gitaa katika kanisa la Mlima Nebo, ameketi kiti cha pembeni karibu na kinanda, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha juu. Hakuwa msemaji. Alipenda kambale wa kukaanga na mkate wa mahindi, na akishiba alimshukuru Mungu kwanza, kisha mpishi. Jumamosi alikwenda Palmetto kwa jina la uongo, kama walivyofanya watu wengi wa kanisa wa enzi zile, maana Mama yao, Idella, aliwahi kusema mbele ya ushirika wote kwamba mkono mmoja hauwezi kumpigia Bwana na kumpigia Shetani. Lonzo akamketisha dada yake, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita, akamwapisha kwa Biblia ya Mama mwenyewe kwamba hatasema kamwe.

Mama alifariki. Lonzo naye akafariki. Kiapo kikabaki.

"Shikamoo, Bi Verlene," alisema Kendra Landry, binti wa kamati ya mji, akiingia na faili kifuani. Nyuma yake alikuja Shemasi Odell Crump, mzee wa miaka themanini na mitatu, aliyekuwa mpiga ngoma wa Palmetto kabla ya kuokoka.

"Marahaba, mwanangu. Karibu uketi. Wewe Odell, futa viatu."

"Nimefuta tangu nje. Huyu mwanamke ananifutisha viatu miaka sitini, na hata mchumba wake sijawahi kuwa."

"Na hutakuwa. Kaa chini."

Kendra alicheka, kisha akawa mpole. "Bi Verlene, bamba linapelekwa kuchongwa Ijumaa. Shemasi anasema wewe unamjua Caddo Jim."

Verlene alimkazia Odell macho. "Nawe si uliapa?"

"Niliapa. Ila mimi niliapia chupa ya bia, wewe uliapia Biblia. Ndiyo maana nimemleta kwako, sikumtajia jina."

Verlene alishika ukingo wa meza. Moyo wake ulitaka jina la kaka yake lisomwe na wapita njia, hata na watoto wanaojifunza kusoma. Lakini neno alilolitoa mbele za Mungu halikuwa shati, kwamba litavuliwa likichakaa. Alisema polepole, "Alitaka Mama asijue. Alikufa akiwa bado anataka hivyo."

Odell alifungua kasha. Pembeni ya gitaa, ndani ya soksi, palikuwa na shingo ya chupa ya dawa, kioo cha buluu, ambayo Lonzo aliivaa kidoleni na kuitelezesha juu ya nyuzi; aliikata mwenyewe kiwandani na kuisugua mpaka isimkate. Mzee alipitisha kidole gumba juu ya nyuzi. Ingawa zilikaa miezi bila kuguswa, zililia pamoja kwa sauti moja pana, yenye huzuni.

"Unasikia?" Odell alimwambia Kendra. "Ameliacha katika hali ya Jumamosi. Kanisani nyuzi zinakazwa kama kawaida. Palmetto alikuwa analegeza tatu, hii, hii, na hii ya mwisho, ili kioo kikipita zote ziimbe. Kabla ya ibada anazikaza tena. Alisahau mara moja tu, na ile Jumapili mimi nilikuwepo!"

Verlene naye alikuwepo. Lonzo alianza wimbo wa kuvuka mto, gitaa likatoa sauti ngeni, uso wake ukabadilika. Hakuweza kusimama katikati ya wimbo akaze nyuzi. Akatia mkono mfukoni, akavaa kile kioo, akapiga. Gitaa likalia kama mtu. Akina mama wa viti vya mbele, wenye nguo nyeupe, wakasimama mmoja mmoja, na Mama Idella akawa wa kwanza kutoka kwenye kiti, mikono juu, machozi yakimtiririka hadi shingoni. Watu walisema Roho ameshuka. Lonzo alirudi nyumbani, akajifungia chumbani.

Na mchana ule, jikoni hapa hapa, Mama alikuwa akimenya viazi vitamu. Bila kuinua macho alisema, "Mwambie kaka yako nyuzi zake tatu zimelegea. Azikaze kabla ya ibada ya jioni."

"Ndiyo, Mama," Verlene alijibu.

Hakumwambia. Aliona kaka yake amekwisha kuogopa vya kutosha, na yeye mwenyewe alidhani ni mtego wa Mama, wa kuwafanya waseme. Habari za kulegeza nyuzi kwa ajili ya Palmetto hakuzijua hata kidogo.

Sasa alimgeukia Odell. "Umesema ngapi?"

"Tatu."

"Mtu asiyepiga anaweza kujua ni tatu? Kwa kusikia tu, akiwa amekaa benchi la mbele?"

Odell alitikisa kichwa. "Labda awe amekulia nyumba ya mpigaji. Mbona unauliza?"

Mama alikulia kwenye mashamba ya pamba, kwa baba ambaye jina lake halikutajwa nyumbani mwao, na ambaye picha yake pekee ilimwonyesha akiwa na kitu magotini ambacho mtu alikikata kwa mkasi, pakabaki tundu refu lenye shingo kama ya gitaa. Alijua. Mama alijua kijana wake anatoka wapi kila Jumamosi, hakumkemea, akamtumia ujumbe wa upole kupitia kinywa cha binti yake. Na huyo binti akaukalia miaka sitini na mbili. Lonzo alikuwa akisema, tena mara nyingi, hata kitandani hospitalini, "Natamani Mama angenisikia japo mara moja, Vee, nikipiga ile ya Jumamosi, naye akijua." Naye alikuwa akimjibu, "Atakusikia mbinguni."

Verlene alilia mpaka Kendra akainuka kumshika mabega. Alipotulia, alifuta uso kwa aproni. Kiapo kilikuwa cha kumficha Mama jambo ambalo Mama alikwisha kulijua.

"Andika," alisema. "Alonzo Gilyard, mwana wa Idella. Hilo la Caddo Jim liweke chini yake, dogo."

Bamba lilizinduliwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi. Kwaya ya Mlima Nebo iliimba, kisha vijana wa roki wakapiga, na Mchungaji akatikisa mguu akidhani haonekani. Watu walipoanza kutawanyika kuelekea meza za chakula, Verlene alibaki nyuma. Shaba ilikuwa imeanza kupata joto la jua. Aliweka kiganja juu ya jina, akainama karibu, kama alivyopaswa kuinama kwenye mlango wa chumba mchana ule.

"Lonzo," alisema, "Mama anasema nyuzi zako tatu zimelegea. Uzikaze kabla ya ibada ya jioni."