Nimeliamkia sanamu shikamoo

Jamani, leo nimeliamkia sanamu, na hiyo siyo aibu yenyewe.

Nilimpeleka wifi yangu wa Nanyamba ufukweni hapa Mtwara, akaone meli kuukuu za maonyesho na masanamu ya saruji ya mabaharia.

Mbele ya meli kakaa mzee. Nikainama kwa adabu zote: "Shikamoo babu."

Nikangoja marahaba.

Wifi akacheka mpaka akakaa chini. "Wifi, hilo si ni sanamu!"

Basi nikajifanya nimeerevuka. Pembeni alikuwepo mzee mwingine, kijivu tupu, katulia tuli. Nikamtundikia mkoba begani nipige picha, na kwa mdomo wangu huu nikasema:

"Hili fundi kaliharibu. Pua gani hii?"

Akafumbua macho.

"Pua ya marehemu baba yangu."

Kumbe ndiye fundi mwenyewe, kapumzika na vumbi lake la saruji!

Nikaitafuta shikamoo mdomoni, haipo. (Nyie mngefanyaje?)

Akanirudishia mkoba kwa mikono miwili, taratibu.

"Ile uliyompa mwenzangu naiitikia mimi. Marahaba, mwanangu."

Nimerudi nyumbani Chuno, nimejifungia chumbani. Wifi yuko sebuleni, anapiga simu Nanyamba.