Siku Tuliyoipeleka Ndege Nanyuki

Tangu mume wangu aniache, kitu ninachokitamani zaidi ni kelele. Nyumba yetu hapa Majengo, Nyeri, haikuwahi kuwa kimya alipokuwa hai. Akitoka kuswali alfajiri alikuwa hapiti sebuleni. Anazunguka moja kwa moja hadi uani, na kabla sijawasha jiko nasikia msasa ukikwaruza mbao, kwaru, kwaru, kwaru. Nilikuwa naudhika, wallahi! Nilimwambia mara ngapi kwamba wanaume wenzake wakitoka msikitini wanakunywa chai kwanza. Leo angetokea mtu wa kunisugulia ubao mmoja tu pale nje, ningemwombea pepo.

Alikuwa akitengeneza ndege. Ndiyo, ndege, ya kupandwa na watu wawili. Mkate wake ulikuwa kutengeneza bodi za mabasi, lakini ujanani, kabla ya Uhuru, alikuwa kibarua wa kuosha ndege ndogo kule Nanyuki. Aliziosha mbawa, akazifuta vioo, akazijua kila msumari, na hakupandishwa hata siku moja. Uhuru ulipokuja, mzungu mmoja mwenye shamba la ngano upande wa Kieni aliuza kila kitu arudi kwao, akamwachia injini ya ndege iliyokuwa imelala ghalani na vipande vya mifupa yake. Mume wangu aliileta injini ile nyumbani amevaa tabasamu la mtu aliyeoa mke wa pili. Nilijua hapohapo kwamba nimepata mke mwenza.

Mbao zilikuwa za podo, kutoka msitu wa huku kwetu. Kitambaa cha kuvika mbawa tulikishona sisi wanawake wa mtaa, tumekaa mkekani tunamcheka. Halafu akakipaka dawa ya kukikaza, na harufu yake ikaingia kwenye chapati, kwenye buibui, kwenye nywele za watoto. Majirani walimtania mchana kutwa. "Fundi, ikianguka juu ya kuku wangu utanilipa jogoo au mtetea?" Yeye anacheka nao, mkono haumwachi msasa.

Ilimchukua miaka. Na alipokaribia kumaliza, macho yakaanza kumkimbia.

Daktari alituambia ni presha ya macho. Alisema kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitafuata, ila hajui lini. Nililia njiani kutoka hospitali hadi nyumbani, nikiwa nimemshika mkono katikati ya mji bila kujali nani anatazama. Yeye akaniambia, "Nyamaza, mama. Haya yaliyobaki yatanitosha."

Nilijua yatamtosha kwa nini. Alikuwa na haja moja tu duniani, aliisema tangu tulipooana: kuuona Mlima, huu wetu wenye barafu, akiwa angani. "Maisha yangu yote nimeinua shingo kuutazama," alikuwa akisema. "Nataka siku moja tuonane uso kwa uso." Kurusha ndege hakuweza, lakini alimpata rubani anayenyunyizia ngano dawa huko Timau, kijana mpole, akakubali kuijaribu na kumpandisha. Watu wa serikali walikuja, wakaigongagonga ndege yote kama wanaonunua mtungi, wakaipitisha. Ikabaki kuifikisha Nanyuki, maana uani kwetu hata kuku hapati nafasi ya kuruka. Na ilibidi iwe wiki ileile, kwa sababu rubani alikuwa anahamia kazi ya mbali. Mimi nilikuwa nikihesabu kitu kingine. Nilikuwa nimeanza kumwona akipapasa kikombe cha chai kabla ya kukishika.

Trela tuliazima kwa rafiki yake, mkulima wa viazi karibu na Chaka. Huyo bwana alikuwa mrefu, mwenye kofia ya kuchakaa, na mdomo usiojua likizo. Alifika na trekta yake usiku wa kuamkia safari, akaizunguka ndege, akaguna.

"Wee fundi, hii kitu iko na mbawa ama umesahau?"

"Mbawa nimezifungua. Tutazifunga huko huko."

"Ati utazifunga! Na ukisahau nati moja?"

"Basi nitakuja kukuomba kiazi nizibe tundu."

Mlima wetu una tabia zake, kila mtu wa huku anazijua. Alfajiri unajifunua wote, mweupe kileleni, halafu jua likipanda kidogo unavuta mawingu kama bibi anayevuta shuka, na hauonekani tena mpaka kesho. Kwa hiyo tulipanga kuondoka mapema, tufike Nanyuki bado uko wazi. Wala haikuwa kazi ngumu. Ingewezekana kabisa, lau si mashuka yangu.

Turubai la mkulima lilikuwa limelowa mafuta na kunuka samadi. Mume wangu alikataa katakata lisiguse kitambaa cha ndege yake. Basi nikatoa mashuka yangu meupe, yale ya wageni, tukaufunika mwili wa ndege kutoka kichwani hadi mkiani, tukafunga kwa kamba za katani ili vumbi lisiingie. Mbawa tukazilaza pembeni juu ya magodoro yangu, nazo zimefunikwa vilevile. Wazee wanne wa mtaa wakapanda kuzishikilia. Na kwa kuwa wanakwenda kiwanja cha ndege, si mahali pa kwenda na suruali ya shamba, walivaa kanzu za Idi na kofia. Imamu akasoma dua, watu wakaitikia amina. Mimi nikakaa karibu na mume wangu, nimejifunika buibui jeusi kwa sababu ya baridi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama kando akatutazama jinsi tulivyokaa.

Tulipopita Ruring'u niliona mtu akiteremka kwenye baiskeli na kuvua kofia. Nikafikiri ana adabu. Mbele kidogo wanawake wenye mizigo ya kuni wakajitoa barabarani, wakainamisha vichwa. Nikageuka nyuma, lo! Magari yamepangana nyuma yetu, yamewasha taa na jua limeshatoka, hakuna linalopita. Trekta inakwenda mwendo wa konokono na hata lori la mkaa, ambalo kwa kawaida humpita mtu likamtia shimoni, linafuata taratibu. Ndipo akili ikanirudia. Kitu kirefu, kipana upande mmoja na chembamba upande mwingine, kimevikwa sanda. Wazee wanne wa kanzu. Mwanamke wa buibui, na vumbi limemtoa machozi.

Tulikuwa maiti.

Nilitaka kumwambia mume wangu, lakini yeye alikuwa amechangamka, amekaa wima. "Unaona watu walivyotupa heshima?" akaniambia. "Hata kelele za magari sizisikii leo. Barabara ni yetu peke yetu." Nikatazama taa zote zile nyuma yetu, kisha nikamtazama yeye, anaangalia kulekule zilipo.  Sikujua kwamba macho yake yamefika hapo. Nikasema, "Naona."

Kufika Kiganjo, mzee mmoja Mwislamu mwenye duka alifunga mlango, akavaa viatu, akatukimbilia. Kumsindikiza maiti ni thawabu, na trekta yetu ilikuwa ya mwendo wa kusindikizwa. Akaja na wengine. Wakatembea nasi, mkono kwenye trela, wakimtaja Mungu kwa sauti ya chini. Ungemwambiaje mtu wa namna hiyo kwamba anaisindikiza injini? Wazee wetu wa mtaa walitazamana, wakaona haya, wakaanza na wao kuitikia. Astaghfirullah! Nikamtazama mkulima aliyekuwa usukani. Badala ya kuongeza mwendo, alikuwa amepunguza na kuvua kofia.

Chaka ilikuwa siku ya soko. Pale hatukupita kabisa. Akina mama waliacha kabichi na viazi vyao, wakaizunguka trela, na mmoja wao, mnene wa mwili na wa moyo, akainua mikono akaanza kuomba. Aliomba kwa Kigikuyu, akaomba kwa Kiswahili, akaombea wagonjwa, akaombea mvua, akairudia safari ya marehemu kutoka mwanzo. Jua linapanda. Nilikuwa natazama Mlima kupitia mabegani mwao, na wingu la kwanza tayari limekaa kwenye bega lake la kushoto.

Alipomaliza akanishika mikono yangu yote miwili. "Pole sana, mama. Mungu ndiye anajua."

Mume wangu akashtuka. "Kwani nani amekufa?"

Mkulima akageuka kwenye kiti chake. "Ati ni bwana ya huyu mama."

"Bwana wa huyu mama ni mimi!"

Yule mama akamtazama, akatazama shuka, akanitazama mimi. Akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutetemeka, na soko zima likaangua kicheko. Mume wangu alicheka mpaka akaegemea mbawa za ndege, machozi yakimtiririka. Ikabidi tufungue kamba tuwaonyeshe. Wakaipapasa, wakataka kujua inakula nini. Yule mzee wa duka aliyetembea nasi hakukasirika hata kidogo. Alisema dua haiozi, fundi mwenyewe atakuja kuitumia siku yake ikifika, akageuka kurudi kwake kwa miguu.

Nimekuwa mjane kweli sasa, na hakuna pole niliyopewa iliyonifariji kama ile ya Chaka. Laiti ningeweza kurudi pale, kwenye vumbi lile, niambiwe pole ya uongo na yeye akiwa kando yangu anauliza nani amekufa.

Nanyuki tulifika adhuhuri. Mlima haukuwepo. Palikuwa na ukuta wa mawingu tu. Rubani alitupokea vizuri, akamsaidia mume wangu kufunga mbawa, akasema watapanda kesho alfajiri, maana baada ya hapo yeye anasafiri. Mume wangu alizifunga nati zote kwa vidole, bila kuinamisha kichwa kutazama. Mkulima alidhani ni maringo ya fundi. Mimi nilikaa juu ya godoro langu chafu nikamwomba Mungu kitu kimoja. Sikuomba hali ya hewa. Nilisema, Mola wangu, mwachie macho yake mpaka kesho tu.

Asubuhi ilipofunguka, sijawahi kuuona Mlima namna ile. Ulikuwa umesimama mbele yetu mzima, kutoka msituni hadi kileleni, barafu inang'aa, hakuna wingu hata la kufungia jeraha. Mtu yeyote angenyamaza. Mkulima ndiye hakunyamaza. Alinyoosha mkono akasema, "Haya fundi, leo ni leo! Mwenye macho haambiwi tazama!"

Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Mume wangu alitabasamu, akageuza uso upande ambao mkono wa mkulima haukuelekea.

Nilimfunga vifungo vya koti. Nilitaka kumwambia asiende. Nilitaka kumwambia aende haraka. Nikamwambia tu afunge shingo kwa skafu kwa sababu juu kuna baridi. Alipanda ndani kwa mikono, akashika hapa, akashika pale, hakukosea hata mahali pamoja, kwa sababu kila kipande alikizaa yeye. Injini ikaunguruma. Kile kitu kilichoninyima usingizi, kilichokula mashuka na magodoro yangu, kikakimbia kwenye nyasi, kikajirusha, kikaenda! Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikakatika. Mkulima alikuwa anaruka kama mtoto. "Inapaa! Mama, ati inapaa!"

Waliuelekea Mlima. Nikawatazama mpaka wakawa kitone mbele ya weupe ule, wakazunguka, wakapotea kidogo, wakaonekana tena. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu, tazama sasa, mume wangu, tazama, tazama.

Waliposhuka, nilimkimbilia. Uso wake ulikuwa umekauka kwa baridi, na furaha imemjaa mpaka hajui aanze wapi. Akanieleza jinsi tumbo lilivyobaki chini walipoondoka. Akanieleza jinsi injini ilivyobadilisha sauti, hewa ilivyokuwa nyembamba, na harufu ya barafu. Alisema barafu ina harufu. Alinishika mikono.

Nikamuuliza, "Na Mlima?"

Akaifungua skafu shingoni.

"Bahati mbaya," akasema. "Ulikuwa umejifunika. Mawingu matupu kila upande. Tumeuzunguka, lakini hatukuuona."

Nyuma ya bega lake Mlima ulikuwa wazi vilevile, unang'aa mpaka unaumiza. Rubani alifungua mdomo. Nikatikisa kichwa, akaufunga. 

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo tabia yake. Tumeuona ukijifunika kutoka hapa."

Yule mkulima, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho, aliutazama Mlima. Kisha akaivaa kofia yake, akaivuta chini.

"Kweli, fundi," akasema. "Leo iko na mawingu mbaya sana."

"Si kitu," mume wangu akasema. "Tutakuja siku nyingine."

Nikamwambia ndiyo, tutakuja.