Kiingereza cha Redioni Kule Biliqo

Sikuwa na mpango wowote wa kwenda Isiolo. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza hapa Voi, na likizo ya Agosti huwa naitumia kulala na kugombana na kuku wa jirani. Lakini Galgalo, niliyesoma naye chuo cha ualimu, alinipigia simu akaanza kuniuliza habari za nyumbani, za mvua, na za mbuzi ambao sina, mpaka nikamwambia aseme shida yake kabla salio halijamwisha.

Shida ilikuwa hii. Hifadhi ya wafugaji kule Biliqo, ndani kabisa ya kaunti ya Isiolo, ambako Galgalo anafundisha shule ya msingi, ilikuwa inatafuta mtu wa redio. Kazi yake ni kukaa na chombo na kupeleka habari Isiolo ng'ombe wakiibiwa, ndovu wakiingia kisimani, au mgonjwa akizidiwa. Mtihani wake ni wa mdomo, na ni wa Kiingereza, kwa sababu redioni hukutana Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru na hata marubani. Mara iliyopita hakupita mtu wa Biliqo hata mmoja. Kijana aliyeletwa kutoka mjini hakumaliza mwezi, na tangu siku hiyo redio ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Sasa alikuwepo Talaso, mama mwenye binti mmoja mdogo, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye mume wake yuko mbali malishoni na mifugo. Akipita, angepata mshahara bila kuhama kwao, na Biliqo ingepata mtu wa kuisemea. Asipopita, kitambaa kingebaki palepale. Galgalo akaniambia, "Kiingereza anayo, lakini anachanganya maneno. Na wewe ndio fundi wa hiyo mambo." Mimi ukinisifu kidogo tu nishafunga mkoba.

Isiolo mjini niliingia jua likiwa kali la kukausha mate. Tangu serikali za kaunti zianze, mji huu umejijenga kwa haraka: ofisi mpya, hoteli mpya, na vibao vingi vya Kiingereza ambavyo nilivisahihisha kimoyomoyo njia nzima kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Kilichonifurahisha zaidi ni watu wanavyoamkuana. Mwenye duka la vitambaa akimwona mteja anamtazama mara moja tu, kisha anajua aseme salaam aleikum au habari. Sikuona aliyekosea.

Hapo mjini nilipokelewa na Akiru, Mturkana kutoka Leparua, ndiye mkuu wa chumba cha redio. Ni mwanamke mrefu, wa maneno machache, ambaye hata mezani huongea kama anayelipia kila neno. Alinilaza kwake, upande wa Burat, akanipa ugali na nyama ya mbuzi, akanieleza anachotaka. Hakuhitaji Kiingereza cha vitabuni. Alitaka mtu ambaye akisema jambo mara moja, gari linaondoka. Nilimpenda papo hapo.

Asubuhi iliyofuata nilipanda Land Cruiser ya hifadhi. Mpaka Archer's Post ni lami safi. Baada ya hapo tuliiacha lami tukafuata vumbi, na mimi nikageuka rangi moja na kiti. Dereva hakuwa na haraka. Kila alipokutana na mchungaji alisimama, akazima injini, wakaulizana: watu wazima? Ng'ombe wazima? Huko mvua vipi? Mwanzoni nilihesabu huo kuwa ucheleweshaji. Kufikia mchana nilikuwa nachungulia dirishani kumtafuta mchungaji mwingine, maana sijawahi kuona watu wasiojuana wakipeana muda namna ile.

Biliqo tulifika watoto wakitoka shuleni. Talaso alikuwa akingoja mlangoni mwa darasa, mtandio wa kijani kichwani, binti yake Sori ameng'ang'ania gauni lake. Nilijitayarisha kwa kazi ngumu. Loo, nilijitayarisha bure. Nilipoanza na "borrow" na "lend", maneno yanayowatesa wanafunzi wangu wa Voi kwa sababu Kiswahili chetu cha kila siku kinayafunga yote mawili kwenye kuazima, alinisikiliza, akacheka. Kwao kuna dabare, ng'ombe wa maziwa ambaye tajiri humpa jamaa aliyefilisika ili watoto wake wanywe. Anayempa ng'ombe bado ni mwenye ng'ombe, anayepewa anajua ipo siku atamrudisha, na hakuna mtoto wa Kiborana asiyejua ni nani amesimama upande gani. Alipopata hilo tu, hakuyachanganya tena. "Steal" na "rob" hali kadhalika: ng'ombe ndiye anayeibwa, mwenye ng'ombe ndiye anayeporwa. Na tofauti ya mnyama aliyepotea na mnyama ambaye hajulikani aliko alinieleza yeye, kwa mifano ambayo mimi sikuwa nayo. Nilimwambia Galgalo kwamba huyu amekwisha kupita mtihani, mimi narudi zangu nyumbani.

Siku ya pili tukafanya mazoezi ya redio. Chombo chenyewe kilikuwa kimefungiwa, kwa hiyo mimi nilikaa darasa moja, yeye darasa la pili, tukasemezana kupitia dirishani. Galgalo alimpa kisa cha kubuni: mchungaji amevunjika mguu, anahitaji gari. Mimi nikawa Isiolo. Nikaita Biliqo, nikauliza hali kwa Kiingereza, nikasema ova, yaani nimemaliza, zamu yake.

Talaso akajibu kwa Kiingereza safi kabisa, bila kosa, kwamba wako salama. Watu wako salama, ng'ombe wako salama, mvua bado lakini tumaini lipo.

Nikamshukuru, nikafunga mawasiliano. Mara akachomoza kichwa dirishani, amekunja uso.

"Mwalimu, mbona umefunga? Mimi sijafika kwa hiyo maneno. Kuna mtu amevunjika mguu."

Tulirudia. Akasema tena kwamba wako salama. Tukabadilisha kisa, tukaweka moto, tukaweka majangili, na kila mara majangili walingoja kwanza ng'ombe waulizwe hali. Mwishowe nilikasirika, nami nikikasirika sauti yangu hufika mbali. Nilimwambia kwamba Akiru akisikia wako salama ataandika wako salama, na huyo mtu wa mguu atabaki kulekule porini.

Talaso hakukasirika. Alinieleza taratibu kwamba mtu akija nyumbani kwao, kitu cha kwanza ni nagaa, yaani amani. Unaulizwa nagaa, unajibu nagaa, hata kama umebeba habari ya msiba. Bibi yake alipofariki, aliyeleta habari alijibu nagaa, akakaa, akapewa chai, akamaliza kikombe, ndipo akasema. Hakuwa anaficha. Alikuwa anawapa watu nafasi ya kukaa chini kwanza.

"Nikianza na mbaya, Mwalimu, ni kama nimemtupia mtu jiwe. Hiyo siwezi."

Nimesahihisha Kiingereza cha watu wengi, lakini hapa hapakuwa na Kiingereza cha kusahihisha. Nilibaki nikimtazama Galgalo, naye akitazama viatu vyake. Tulivunja darasa, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba mama huyu atafeli.

Kulipopambazuka alikuja kunigongea mwenyewe, Sori mgongoni. Akasema ameifikiria. Fisi akiingia zizini, hakuna anayesema nagaa. Mtu anapiga kelele ya fisi, watu wanatoka na fimbo na tochi, fisi anafukuzwa. Baada ya hapo ndipo watu wanaamkuana, na wanaamkuana vizuri kuliko siku zote. Basi ameamua redio ni kelele ya zizini. Nagaa haitatupwa, itakuja nyuma. Nilitaka kumkumbatia, ila sikujua kama huko watu hukumbatiana asubuhi.

Siku ya mtihani tulirudi Isiolo. Mimi nilikaa verandani nikitafuna ncha ya mtandio wangu, nikisikia sauti kupitia mlango. Akiru aliita akauliza hali. Najua nagaa ilikuwa imemjia ulimini kwanza. Kisha Talaso akasema kwa kasi kwamba ng'ombe wameibwa, wezi wana bunduki, wameelekea upande gani, na anataka nini. Kitenzi kimoja kilimteleza vibaya sana, nikafumba macho. Akiru hakujali. Alimpa kazi siku ileile, na Talaso akarudi Biliqo na funguo za redio.

Baada ya hapo nilibaki mjini siku chache, kwa kuwa Akiru aliniomba niwapitishe vijana wake kwenye yale maneno yanayochanganya. Asubuhi ya kuondoka nilipita chumba cha redio kuaga, mkoba mkononi. Tulikuwa tumesimama mlangoni redio ilipokoroma.

Ilikuwa Biliqo. Talaso hakuuliza wala hakungoja kuulizwa. Alisema kwa Kiingereza kilichonyooka: mtoto wa kike, ameumwa na nyoka, mguu wa kushoto, yuko macho, gari la Merti lije sasa, ova. Akiru alikuwa ameshaita Merti, mji wenye hospitali ulio karibu na Biliqo, kabla sijaweka mkoba chini. Gari likaondoka. Talaso akatajiwa njia litakayopitia, naye akajibu kwamba mtoto anapelekwa barabarani na bibi yake ili wakutane nalo. Sauti haikutikisika. Nilijivuna, nasema ukweli. Nikamnong'oneza Akiru, "Umesikia huyo?"

Basi langu liliondoka bila mimi. Tulikaa tukingoja, Akiru na mimi, chai ikipoa mezani. Kila baada ya muda Biliqo waliita kuuliza kwa ufupi gari liko wapi, wakajibiwa, wakanyamaza. Mwishowe Merti wakaja redioni: mtoto amefika, amechomwa dawa, uvimbe haupandi, amelala, daktari anasema atapona. Akiru akapeleka maneno hayo Biliqo kama yalivyokuja, bila kuongeza wala kupunguza.

Kisha sauti ya Talaso ikarudi, polepole, si ile ya mwanzo.

"Isiolo, nagaa?"

Akiru, Mturkana wa maneno machache, alivuta kiti, akaketi vizuri. "Nagaa," akajibu.

"Watu huko nagaa?"

"Watu nagaa."

"Ng'ombe nagaa? Mvua?"

"Ng'ombe nagaa. Mvua bado. Nyinyi huko?"

"Sisi nagaa," Talaso akasema. Tukamsikia akivuta pumzi. "Huyo mtoto ni Sori. Ni Sori yangu."

Akiru akaweka mkono mdomoni. Mimi nililia palepale, bila aibu, mbele ya vijana niliokuwa nikiwafundisha jana yake. Asubuhi nzima mama yule alikuwa amekaa na redio, mtoto wake akibebwa na mtu mwingine, kwa sababu bila yeye pale hakukuwa na wa kuliita gari wala wa kuambiwa linapita wapi.

Nyumbani Voi nilifika kesho yake jioni. Mama yangu alikuwa jikoni. Nilikuwa nimekuja njia nzima nikipanga nitakavyomsimulia niliyojifunza: kwamba mtu anaweza kuyajua maneno yote ya lugha na bado akawa hajajua lipi litangulie, na kwamba watu wa Biliqo wanalijua hilo kwa lugha yao kuliko mimi ninavyolijua kwa lugha ninayoifundisha. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana.

Mama akauliza, "Habari za huko?"

Nikasema nzuri. Akauliza habari za safari, nikasema nzuri. Akanitazama usoni, akanimiminia chai, akavuta kigoda chake karibu na changu, akakaa akangoja.