Wifi yangu ananiamini, na mimi ndiye niliyewapunja wanawe

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka arobaini na sita, nimeolewa, naishi Kibiti.

Mimi na kaka yangu tulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga kule Mohoro, baba alituachia nusu kwa nusu. Kwenye hati aliyotuachia aliandika kwamba hakuna kumuuzia mtu wa nje mpaka mwenzako akubali. Kaka alipofariki, ukoo ukanichagua mimi kuwa msimamizi wa mirathi yake. Mjane wake, tumwite Zena, anaishi Mbuchi na watoto watatu. Tukakubaliana ninunue fungu la kaka, wao wapewe hela yao.

Tukamwita mthamini. Nikamwambia, "Hiyo nusu peke yake nani ataitaka? Huwezi kuiuza nje, na peke yako huamui kitu." Akasema ni kweli, fungu la namna hiyo hupunguzwa thamani. Ila akaniuliza, "Mna mpango wa kuuza mashine nzima? Maana ikiuzwa yote, nusu haipunguzwi."

Nikajibu hatuna. Ndugu zangu, wakati huo mfanyabiashara kutoka Dar alishakuja mara mbili na bei tulishaelewana.

Zena alipoletewa karatasi hakuuliza kitu. "Wifi, wewe ukishasoma inatosha," akasaini. Mwezi haukuisha, nikauza mashine nzima. Nusu ya kaka niliichukua kwa bei ya kutupa, nikaiuza kwa bei yake kamili, tukamalizia nyumba. Mume wangu anajua yote. Husema, "Karatasi zipo, hukuiba."

Juzi Zena kanipigia. Binti yake mkubwa kapata chuo cha uuguzi na hela ya mirathi imeisha, kwa hiyo anauza shamba la mpunga, hilohilo linalowalisha. "Njoo Ijumaa unisimamie, wifi. Hao wanunuzi wataniona mjinga. Wewe huwezi kukubali nidhulumiwe." Nikasingizia mtandao unakata.

Mume wangu amesema nikifungua mdomo nirudi kwetu. Na wale watoto, sijui kama wataniita shangazi tena. Lakini nikinyamaza, Ijumaa nitakaa mkekani pembeni ya Zena, nibishane na watu bei ya shamba ambalo asingeliuza kama si mimi.

Nishaurini jamani, hata kwa kunitukana. Naanzia wapi kumwambia?