Kilima ya Mabaki na Miguu ya Jirani

Nyuma ya mutaa wetu, kule Kolwezi, kulikuwa kilima isiyoota hata jani. Ilikuwa udongo na mawe ya mugodi, yaliyomwagwa miaka na miaka. Jioni, kisha ya kazi, mimi na jirani yangu, mwenzangu kule ateliye, karakana ya mugodi, tulikuwa tunaipanda mbio, tupate miguu ya nguvu. Katika ekipe ya kwenda kukimbia maratoni Lubumbashi ilibaki nafasi moja. Sisi tulikuwa wawili.

Yeye alipanda na mabotine, viatu vizito vya kazi, vile vyenye chuma mbele. Nilimucheka.

"Sitwayen, mwananchi mwenzangu, unaenda maratoni ao unaenda kuchimba?"

"Cheka tu, ndugu. Siku nitayavua, utaniona mugongo."

Ikawa kweli. Bigimbi byake bya miguu bikakaza. Siku moja alipita mbele ya nyumba, muke wangu akasema, "Ile ndiyo miguu ya mutu wa kukimbia." Hakusema kwa ubaya, najua. Lakini bukari, ugali wetu, ile siku haikushuka vizuri. Nikaangalia miguu yangu chini ya meza.

Nikavaa mabotine nami. Visigino vikachunika. Yeye alikuwa anafunga miguu kwanza na vipande vya kikwembe ya zamani, kitenge iliyochakaa. Mimi sikumuuliza namna ya kufunga, kwa sababu kuuliza kulinishinda kuliko kilima. Nilitamani ateleze. Si kuvunjika, hapana. Kuteleza kidogo tu. Sijui kama mutu anaweza kupima wivu namna hiyo.

Mufundishaji wetu alikuwa na goti mbaya, hapandi. Alibaki chini, na kule juu haonekani mutu. Kwa hiyo aliweka sheria yake: anayeshindwa ndiye anasema, mushindi ananyamaza. "Kila mutu anaweza kudanganya ameshinda," alisema. "Nani atadanganya ameshindwa?"

Siku ya kuchagua, jirani akavaa viatu vya kitambaa. Kweli, niliona mugongo. Karibu na chuma iliyosimikwa juu kabisa, ile ya kugusa ili ushinde, akateleza, kama nilivyotamani. Akaanguka kifudifudi, mukono mbele, vumbi tele machoni. Mukono wake uligusa chuma. Kisha wangu. Yeye hakuona kitu, mimi niliona.

Tulishuka.

"Basi, batoto yangu?" mufundishaji akauliza.

Nilinyamaza kama mushindi. Nilikuwa natumainia nini, sijui vizuri hata leo. Jirani akafuta macho, akajikohoza.

"Baba, mi nazani nilianguka, kwa hiyo ni mi..."

"Hapana," nikamukata. "Ni mi nilishindwa. Mukono yake ilitangulia."

Mufundishaji akamupiga bega. Jirani akanishika mukono, akasema aksanti, na alikuwa anasema kutoka moyoni. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Hata kusema ameshindwa, alikuwa karibu kunitangulia.

Alipopanda treni ya Lubumbashi sikuenda stesheni kumuaga. Nilikuwa kilimani napanda, na mabotine, miguu imefungwa vipande vya kikwembe ndani, kama yake.